Kufuta Kabla ya Kupaka

Kila lori la trela linalopanda milima ya Kitonga, katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, linategemea chuma kimoja chenye upana wa karibu mita moja tu. Ni ile sahani nyeusi iliyofungwa mgongoni mwa kichwa, yaani gari linalovuta, ambayo madereva na mafundi huiita fifwili, na juu yake ndipo trela linapolala. Sahani hiyo ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Inabeba, kwa sababu tani kumi na kitu za mzigo hazibebwi na magurudumu ya trela bali hushuka kupitia kwake hadi kwenye ekseli za kichwa. Na inageuza, kwa sababu katika kila kona sahani husuguana na bamba la chini la trela, chuma juu ya chuma, vikiwa vimebanwa na uzito huohuo. Kuvuta kumeachiwa kingpini, pini yenye kipenyo cha milimita 50.8 katika matrela mengi, inayoshikwa na taya zilizo katikati ya sahani. Katika sahani ya kawaida hakuna beringi kati ya bamba na bamba. Kilichopo ni grisi peke yake. Hoja ya sura hii ni kwamba utunzaji wa grisi hiyo tumeujua nusu. Kupaka tunajua sana. Kufuta hatufuti, ilhali kufuta ndiko kunakookoa chuma na kumwezesha mtu kuona kilichoharibika kabla hakijaua.

Mpangilio huu wa kubeba na kugeuza mahali pamoja si wa jana. Mwaka 1914, huko Detroit, mhunzi na mtengenezaji wa mikokoteni aitwaye August Fruehauf aliombwa na mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, amtengenezee kitu cha kubebea mashua yake nyuma ya gari aina ya Ford Model T. Wazo lilikuwa kwamba gari linalovuta libebe pia sehemu ya uzito wa kinachovutwa. Tangu hapo vyuma vimekua na uzito umepanda. Leo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayodhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Lakini tatizo ambalo mhunzi yeyote wa wakati ule angelitambua lingali palepale: kitu kizito kinageuka juu ya kitu kingine, na lazima kitu fulani kikae katikati.

Wengi hudhani kwamba sahani kavu ni kasoro ya kelele na uchakavu tu, inayomhusu fundi na mfuko wa tajiri. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba inamhusu zaidi aliyeshika usukani. Tuchukue trela linaloikandamiza sahani kwa tani 15, jambo la kawaida kwa mzigo kamili. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu husuguana kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito unaokibana. Chenye grisi nzuri, kwa karibu sehemu moja ya kumi. Msuguano huo unafanya kazi, kwa wastani, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye kingpini, na matairi ya mbele ya kichwa ndiyo yanayopaswa kuushinda yakiwa mbele ya ekseli za nyuma kwa karibu mita 3.8. Ukipiga hesabu hiyo, sahani kavu inayadai matairi ya mbele nguvu ya pembeni ya takribani kilo 600 kabla kichwa hakijaanza hata kugeuka. Sahani yenye grisi inadai kama kilo 120. Sasa ziweke kilo hizo barabarani. Ekseli ya mbele yenye tani 7 juu ya lami iliyolowa ina mshiko wa pembeni wa tani 2.8 hivi. Sahani kavu imeshakula moja ya tano ya mshiko huo, na dereva bado hajakata kona. Juu ya udongo mwekundu ulionyeshewa, ambako mshiko unaweza kushuka hadi nusu ya hapo, inakula zaidi ya mbili ya tano. Hapo ndipo kichwa kinapokataa kufuata usukani na kwenda moja kwa moja kama kwamba hakijaambiwa kitu. Hizi ni hesabu za makadirio, na kila gari lina vipimo vyake. Hata hivyo uwiano wa tano kwa moja kati ya kavu na yenye grisi haubadiliki kwa kubadili urefu wa gari.

Ubaya ni kwamba dereva wa leo hausikii msuguano huo mikononi. Usukani wa haidroliki unamsaidia kiasi cha kumficha. Anageuza kwa kidole, pampu inafanya kazi iliyobaki, na gari linakwenda. Dalili anazobaki nazo ni ndogo na ni rahisi kuzipa sababu nyingine. Gari halirudi lenyewe kwenye mstari baada ya kona. Kwenye barabara iliyonyooka linayumba kidogo kushoto na kulia, na inabidi kulisahihisha kila mara. Sahani inalia kwa mkwaruzo wakati wa kugeuza taratibu kituoni. Matairi ya mbele yanalika upesi, na mara nyingi lawama huangukia alainimenti au ubora wa tairi. Ningemshauri mwenye magari yoyote, kabla hajalipia alainimenti ya pili katika muda mfupi, aitazame sahani kwanza.

Sasa, mtu anaposikia haya, jibu lake la kwanza ni kuongeza grisi, na hapo ndipo kosa la pili linapoanzia. Grisi si kitu kimoja. Ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya sabuni maalumu, na kazi ya kulainisha inafanywa na yale mafuta. Kwa joto, mgandamizo na muda, mafuta hujitenga na kukimbia, na kinachobaki ni sabuni nyeusi iliyokauka. Sabuni hiyo haikai peke yake. Inakamata vumbi la barabarani, mchanga unaorushwa na matairi, chembe za chuma zilizotoka kwenye sahani yenyewe, na maji ya mvua. Mchanganyiko wa kitu kinachonata na chembe ngumu, uliobanwa kati ya nyuso mbili za chuma zinazozunguka, mafundi wanaujua vizuri kwa matumizi mengine: hiyo ni dawa ya kusagia vali. Ukipaka grisi mpya juu yake hujaiondoa. Umeilowesha tu ili iendelee kusaga kwa ulaini zaidi. Ndiyo maana kuna sahani zinazopakwa kila mara na bado zina mifereji iliyochimbwa kwa mduara, ambayo ukipitisha ukucha unanasa.

Kuna na mazoea ya namna ya kupaka. Yaliyo maarufu ni kuchota bonge la grisi kwa kijiti, kulibandika kwenye mdomo wa nyuma wa sahani, kisha kurudisha kichwa chini ya trela kwa matumaini kwamba bamba litaisambaza. Bamba halisambazi, linakwangua. Ukingo wake unalisukuma lile bonge, sehemu kubwa inaangukia kwenye chesisi, na tabaka jembamba linabaki upande mmoja huku mbele, ambako uzito unasukumwa wakati wa breki, pakiwa pakavu. Mazoea mengine ni kupiga grisi kwa pampu kupitia vitundu vya sahani huku trela lenye mzigo likiwa juu. Grisi hupita penye upinzani mdogo. Penye mbano mkubwa, yaani penye haja kubwa, haifiki. Vitundu hivyo vina faida yake uzito ukiwa umeinuliwa kidogo kutoka kwenye sahani, na watengenezaji waliviweka kwa kuongezea grisi kati ya usafi mmoja na mwingine. Havikuwekwa ili usafi wenyewe usifanyike.

Sababu kubwa zaidi ya kufuta, hata hivyo, haihusu msuguano. Inahusu macho. Sahani iliyofunikwa na tope jeusi lenye unene wa kidole haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote, hata awe fundi wa miaka mingi. Ufa huanza kama uzi mwembamba, hasa karibu na masikio yanayoishikilia sahani kwenye vikalio vyake na kwenye mbavu zilizo chini yake, na uzi huo unaonekana kwenye chuma kisafi peke yake. Boliti iliyolegea huacha alama ya kutu nyekundu inayotiririka kutoka chini ya kichwa chake. Chini ya grisi alama hiyo haipo. Bushi zilizokwisha hutambulika kwa kuiinua sahani kwa mtaimbo na kutazama inavyocheza, nayo hiyo huwezi kuifanya trela likiwa juu.

Na kuna taya. Hizi zinastahili kukaa nazo kidogo, kwa sababu hapa grisi ya zamani inahama kutoka kwenye uharibifu wa polepole na kuingia kwenye ajali ya ghafla. Kichwa kinaporudi chini ya trela, kingpini huingia kwenye koo la sahani na kuzisukuma taya, nazo hufunga nyuma yake kwa nguvu ya springi, kisha kitasa cha kufungulia hujirudisha ndani. Springi hiyo haikubuniwa kupambana na grisi iliyoganda. Ikikutana na donge la sabuni kavu na mchanga, taya zinaweza kusimama sentimita moja kabla ya kukaa mahali pake, na kwa nje kila kitu kikaonekana kimefunga. Dereva anavuta kidogo kwa majaribio, trela linafuata, anaamini. Lakini kuvuta peke yake hakuthibitishi, kwa sababu taya zilizofunga nusu zinaweza kuvumilia mvuto mmoja wa polepole na zikaachia kwenye tuta la kwanza. Uthibitisho unatoka chini: tochi, kichwa cha mtu chini ya trela, na macho yanayoona taya zimeikumbatia shingo ya kingpini kabisa, na kwamba hakuna nafasi ya mwanga kati ya sahani na bamba. Nafasi hiyo ikionekana, trela lilikuwa juu mno wakati wa kuunganisha na huenda taya zimeshika sehemu isiyo yake. Yote haya yanaonekana penye usafi.

Kazi yenyewe haina fumbo. Trela linashushwa kwenye uwanja tambarare na mgumu, likiwa tupu kama inawezekana, breki zimefungwa, kabari ziko kwenye magurudumu, miguu imekaa juu ya ardhi isiyodidimia. Kichwa kinaondolewa. Grisi ya zamani inakwanguliwa kwa kipande cha chuma chepesi au ubao kwenye sahani, ndani ya mifereji yake, ndani ya koo, kwenye kingpini na kwenye bamba la trela. Bamba husahaulika kwa sababu liko juu na halionekani, ilhali ndilo nusu ya msuguano wote. Kisha matambara na kiyeyushi, hadi chuma kionekane. Kupiga maji ya presha peke yake hakutoshi, tena kunasukuma uchafu ndani zaidi ya taya. Ukaguzi unafanyika hapo, kabla ya tone lolote jipya, na kitasa kinavutwa mara kadhaa kuona kama taya zinakwenda na kurudi bila kusita. Ndipo inapakwa grisi ya lithiamu ya daraja namba 2 inayostahimili mgandamizo mkubwa, ikiwezekana yenye molibdeni, kwa tabaka jembamba linalofunika uso wote, mifereji ikijazwa, na taya na kingpini zikipata zao. Kwenye springi na viungo vidogo vya kitasa watengenezaji wengi wanataka mafuta mepesi badala ya grisi nzito, kwa sababu ileile tuliyoiona ya kuganda. Grisi ya aina nyingine haichanganywi na iliyokuwapo, maana baadhi ya sabuni zikikutana hulainika na kutiririka. Hiyo nayo ni sababu ya kufuta.

Wapo wanaokataa grisi kabisa, na hoja yao si ya kijinga. Wanasema barabara zetu zina vumbi, grisi inavuta vumbi, basi afadhali sahani ibaki kavu na safi. Wameona tatizo la kweli, ila dawa yao inaacha chuma kikisaga chuma kwa tani 15, na vumbi litaingia vilevile kwa sababu hakuna kinachoizuia njia. Sahani kavu hushika kutu usiku mmoja wa mvua, na kutu nayo ni chembe ngumu. Jibu la vumbi ni tabaka jembamba linalobadilishwa mapema zaidi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, hasa kwa magari yanayopita barabara za changarawe au kubeba saruji na mawe. Wengine wanatumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa kuwa haina bei. Oili hiyo ni nyepesi mno kwa mbano huu, inakimbia siku ileile kwenda kwenye chesisi na matairi, imejaa masizi na chembe za chuma, na inayodondoka inaingia kwenye udongo na mitaro ya watu wanaoishi kando ya barabara.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatokana na teknolojia. Zipo sasa sahani zilizobandikwa vipande vya plastiki ngumu juu yake, ambazo hazihitaji grisi kati yake na bamba la trela, na zipo zenye mfumo unaojipaka wenyewe kutoka kwenye kopo. Ni maendeleo mazuri, na mwenye uwezo asisite. Lakini plastiki inalainisha sahani tu. Taya na kingpini vinabaki chuma kwa chuma na vinataka grisi yao kama zamani. Bamba la trela lenye makovu au kutu huikwangua plastiki hiyo na kuimaliza kabla ya wakati, kwa hiyo usafi wa bamba unakuwa na umuhimu zaidi. Mfumo unaojipaka nao unaongeza grisi mpya kwa uaminifu. Kuangalia ufa hauwezi. Aliyenunua vifaa hivi ili asiingie tena chini ya trela amenunua kitu ambacho hakikuuzwa.

Limebaki suala la lini, na hapa nadhani vitabu vya watengenezaji vinahitaji kusomwa kwa akili. Watengenezaji wakubwa wa Marekani kwa kawaida hutaja kupaka kila miezi 3 au maili 30,000, yaani kilomita 48,000 hivi, kipi kitangulie, na usafi kamili na ukaguzi kila miezi 6. Kilomita hizo zimepigiwa hesabu barabara kuu ndefu zilizonyooka, ambako sahani hugeuka kidogo sana. Lori linalohamisha makontena kati ya bandari ya Dar es Salaam na bandari kavu za jirani linaweza kukaa mwaka mzima bila kufikisha kilomita hizo, huku likikata kona za nyuzi 90, likirudi nyuma, likiunganishwa na kuachanishwa na matrela tofauti. Kwa lori hilo kilomita ni kipimo cha uongo. Kinachochakaza ni kona, miunganisho na maji. Kwa kazi ya namna hiyo ningeweka usafi kamili kila mwezi. Kwa gari la Lubumbashi, ambalo safari yake ya kwenda na kurudi inakaribia kilomita 4,000, ningeutazama msimu kwanza: baada ya masika hakuna grisi iliyobaki na hali yake ya mwanzo. Atakayesema dereva hana muda huo, kwa kuwa analipwa kwa safari, amesema kweli, na ndiyo sababu kazi hii isiwe ya dereva na utingo wake kuiiba usiku kituoni. Mwenye gari aiingize kwenye ratiba ya gereji na ailipie. Ni asubuhi moja ya watu wawili na kopo la grisi.

Mwisho ni kingpini yenyewe, iliyo upande wa trela. Kwa sababu vichwa vingi hukaa na trela lilelile miezi kadhaa bila kuachana, na vingine huvuta matrela ya matajiri tofauti, kingpini huishia kuwa ya mtu asiyejulikana. Mwenye kichwa anatunza sahani yake, mwenye trela anatunza matairi yake. Ilhali kingpini iliyokonda inazipiga taya mpya kila breki na kila kuondoka, dereva anasikia mgongo wa kichwa ukigongwa, na sahani ya gharama inaharibiwa na pini ya jirani. Taya nyingi zina boliti au kipande cha kukazia ule mchezo, na ni sawa kukaza, mradi kwanza kingpini ipimwe. Ile ya milimita 50.8 huhesabiwa imekwisha inapofika karibu na milimita 49. Tofauti isiyofika milimita 2, ambayo jicho haliioni ila kalipa inaiona mara moja. Ipimwe pande zote, kwa kuwa hulika zaidi mbele na nyuma kuliko kando. Ikifika mpaka huo inabadilishwa na fundi anayefuata maelekezo ya mtengenezaji. Haijazwi kwa kulehemu na kuchongwa upya, kama inavyofanyika katika baadhi ya gereji: moto wa kulehemu huharibu ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, na pini iliyojazwa inaweza kupita kwenye kipimo cha kalipa ikiwa tayari ina ufa ndani.